Jinsi ya kutengeneza mwenyewe viungio vya chuma vya nguzo za fensi

Viungio vya fensi vipo vinauzwa tayari, ila mara nyingi unakuta saizi haiendani na nguzo ulizonazo, klampu inacheza au haiingii kabisa, ama chuma chake ni chembamba mpaka ukikaza nati masikio (zile ncha bapa zinazopitisha bolti) yanajikunja kabla hata nguzo haijabanwa. Kama una grainda, drili, jiriwa na mashine ya kuchomelea basi unaweza kujitengenezea vyako vikakaa sawasawa na nguzo zako. Kazi yenyewe sio ngumu, ugumu wote uko kwenye vipimo, kwa hiyo hapo ndo nitakaa sana.

Najua wengi watauliza kwa nini usichomelee bomba la kulala moja kwa moja kwenye nguzo umalize. Unaweza, na fensi nyingi ziko hivyo, lakini ukichomelea nguzo ya galvanaizi unaunguza zinki pale pale kwenye maungio ambapo ndo maji yanapenda kukaa, kutu inaanzia hapo. Alafu siku gari limegonga nguzo moja inabidi ukate na grainda upande huu na huu ndo uitoe. Ukiwa na klampu ya bolti unafungua nati nne, unatoa, unaweka nyingine, wavu na mabomba mengine hayajaguswa. Mimi kwa fensi ya nje nachagua bolti kila mara, weldingi naiacha ifanyike kwenye kiungio kikiwa mezani.

Pima kwanza, usiamini jina la bomba

Hapa ndo watu wengi wanapoteza chuma. Bomba likiitwa la inchi moja na nusu haina maana kipenyo chake cha nje ni inchi moja na nusu, bomba la maji la jina hilo lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3. La inchi mbili ni 60.3, la inchi moja na robo ni 42.4, la inchi moja ni 33.7. Na kuna mabomba mengine ya fanicha na ya fensi ambayo yanapimwa kwa nje moja kwa moja, la 50 ni 50 kweli. Kwa hiyo chukua vernia kalipa, pima nguzo yako kwa nje, pima sehemu mbili tofauti maana mabomba mengine yamebonyea kidogo, alafu pima na unene wa ukuta pale mwisho palipokatwa. Kama huna vernia, zungushia karatasi kwenye bomba, weka alama inapokutana, nyoosha, pima urefu, gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha nje.

Kwenye mwongozo huu natumia nguzo ya mm 48.3 yenye ukuta wa mm 3.2 na bomba la kulala la mm 33.7. Zako zikiwa tofauti badilisha namba, njia ni ile ile.

Vitu vya kuandaa

Flatibaa (chuma bapa) ya mm 40 kwa 4 kwa ajili ya klampu, flatibaa ya mm 50 kwa 5 kwa ajili ya ndimi zinazounga vikombe na klampu, kipande cha bomba la 42.4 kwa ajili ya vikombe vya kushikia bomba la kulala, bolti za M10 zenye urefu wa mm 40 na nati zake na washa, za galvanaizi zote. Vifaa ni grainda ya diski ya mm 115, drili, visu vya drili vya mm 4 na mm 11, tupa, sentapanchi ya kuweka alama ya tundu, jiriwa kubwa, nyundo nzito, mashine ya kuchomelea na vijiti vya 6013 vya mm 2.5. Miwani, glavu za ngozi na kinga ya masikio sio hiari. Gadi ya grainda, ile kinga inayofunika diski, isitolewe hata kama inakuzuia kuona mstari, na angalia spidi iliyoandikwa kwenye diski isiwe ndogo kuliko spidi ya mashine, diski nyingi za 115 zimeandikwa 13,300 kwa dakika. Diski ya kukatia ni ya kukatia tu, usisagie nayo kwa ubavu, inapasuka.

Klampu ya nusu mbili

Hii ndo moyo wa kazi yote. Ni vipande viwili vya flatibaa vilivyokunjwa nusu duara, kila kimoja kina masikio mawili, vinakumbatia nguzo mbele na nyuma na bolti mbili zinavibana.

Kitu cha muhimu kuelewa kabla hujakata chochote: masikio hayatakiwi kugusana. Ukikaza nati lazima kuwe na nafasi imebaki kati ya sikio na sikio, vinginevyo nguvu yote ya bolti inaishia kubana chuma kwa chuma, nguzo iko huru ndani inazunguka. Ukiona klampu imekazwa mpaka mwisho na bado inateleza chini taratibu, sababu karibu kila mara ni hiyo.

Anza na jigi, yaani kifaa cha kukunjia utakachojitengenezea, maana bila jigi hutapata klampu mbili zinazofanana. Chukua bamba la chuma nene, mm 10 kwenda juu. Juu yake chomelea vyuma vya mraba vya mm 20, viwili vimelala vimegusana upande wa kushoto na viwili upande wa kulia, katikati uache mfereji wa mm 57. Hiyo 57 imetoka hivi, kipenyo cha nguzo 48.3, jumlisha unene wa flatibaa mara mbili ambao ni 8, unapata 56.3, ongeza kidogo ili iteleze. Kingo za ndani za mfereji zisage ziwe za mviringo kama mm 4 hivi, zikiwa kali zitakwaruza na kuchana flatibaa pale inapokunja.

Kwa nini mm 20 na sio 25? Hesabu mwenyewe. Flatibaa ikishuka mpaka chini ya mfereji na bomba likiwa juu yake, katikati ya bomba inakuwa kwenye kimo cha mm 28 kutoka kwenye bamba, yaani 4 za flatibaa na 24 za nusu kipenyo. Masikio yakilala juu ya chuma cha 20, uso wake wa juu uko kwenye 24. Maana yake kila nusu inaishia mm 4 kabla ya katikati ya nguzo, nusu mbili zikikutana unabaki na nafasi ya mm 8, safi kabisa. Ukitumia cha 25 uso wa sikio unapanda mpaka 29, umepita katikati, nusu mbili zitagongana kabla hazijabana nguzo. Kwa nguzo ya saizi nyingine rudia hesabu hiyo hiyo, hakikisha kila nusu inaishia mm 2 mpaka 4 kabla ya katikati.

Urefu wa kukata: chuma kikikunjwa upande wa ndani unabanwa na wa nje unavutika, kwa hiyo unapiga hesabu kwa katikati ya unene. Kipenyo 48.3 jumlisha 4 ni 52.3, zidisha 3.14, gawanya kwa mbili, unapata 82. Toa 8 za ile nafasi, yaani 4 kila upande, inabaki 74. Masikio mawili ya 35 ni 70. Jumla 144, kata 145. Lakini usikate zote, kata moja tu kwanza, ikunje, ijaribu kwenye nguzo, ndo ukate zilizobaki. Mkunjo wa sikio unakula urefu tofauti kulingana na jinsi ulivyosaga zile kingo, namba ya karatasini inakufikisha karibu, kipande cha majaribio ndo kinakupa namba ya kweli.

Sasa kukunja. Weka alama ya chaki katikati ya flatibaa, ilaze juu ya mfereji alama ikiwa katikati kabisa, juu yake laza chuma cha duara kigumu cha kipenyo cha nguzo au kipande cha bomba lenye ukuta mnene. Bomba jembamba usitumie litabonyea. Kama una jeki na fremu ya kuizuia juu, sukuma taratibu, kama huna piga kwa nyundo nzito, mapigo machache yenye nguvu ni bora kuliko mengi ya kugusagusa kwa sababu kila pigo dogo linaisogeza flatibaa kutoka kwenye alama. Ikishuka yote utaona masikio yamebaki yameinuka juu, hayo yapige moja moja yalale kwenye mabega ya jigi huku bomba likiwa bado ndani. Ukitoa, nusu duara itafunguka kidogo yenyewe, chuma ndo kilivyo, usihangaike nayo, bolti zitairudisha.

Flatibaa nyeusi ya kawaida ya mm 4 inakunjika baridi kwa huu mviringo bila shida. Ukiona ufa mdogo kwenye mkunjo wa sikio, tupa hicho kipande, kingo za jigi ni kali mno, zisage tena.

Kutoboa: tundu liwe mm 11 kwa bolti ya M10, katikati yake iwe mm 13 kutoka mwisho wa sikio. Usisogeze karibu na mkunjo maana washa ya M10 ina upana wa mm 20 na lazima ilale bapa, ikipanda kwenye mkunjo bolti inavutwa pembe. Piga sentapanchi, anza na kisu cha mm 4, maliza na cha 11, spidi ya drili isizidi kama mizunguko 700 kwa dakika kwa hicho kikubwa, tia mafuta, sukuma kwa uzito. Ukiona kisu kinapiga kelele na kinatoa unga badala ya kutoa nywele ndefu za chuma, spidi ni kubwa au kisu ni butu. Nusu mbili zibane pamoja, toboa kwa mpigo mmoja, alafu ziandikie namba kwa tindo ili pacha wasichanganyike. Kipande kibanwe kwenye jiriwa, kamwe usikishike kwa mkono, kisu cha 11 kikinasa kinazungusha flatibaa kama panga.

Kikombe cha bomba la kulala

Klampu imeshika nguzo, sasa bomba la kulala linashikwa na nini? Bomba la 42.4 lenye ukuta wa 3.2 lina nafasi ya ndani ya mm 36, na bomba la kulala la 33.7 linaingia humo likiwa na nafasi kidogo, inatosha kabisa kwa fensi. Kata vipande vya mm 60.

Kwenye mwisho mmoja wa kila kipande kata mifereji miwili inayotazamana, upana mm 5 na zaidi kidogo, kina mm 20. Chukua flatibaa ya 50 kwa 5 urefu mm 60, huo ndo ulimi, chomeka kwenye mifereji mpaka mwisho, itatokeza kidogo pande mbili za nje na hapo ndo unapochomelea, pande zote nne. Bomba la kulala likiingia linaishia kwenye ulimi, halipiti. Na kwa kuwa huo mwisho haujazibwa maji yanatoka, hayatuami ndani. Toboa ulimi tundu la mm 11, mm 15 kutoka mwisho, na uviringishe zile pembe mbili ili ulimi uzunguke bila kugonga nguzo.

Sasa ulimi unakaa wapi? Unakaa nje ya sikio, chini ya nati, sio katikati ya masikio mawili. Ukiuweka katikati unaziba ile nafasi uliyoitafuta kwa hesabu zote zile, klampu itabana ulimi, nguzo itabaki inacheza. Ukiwa nje, bolti moja inabana nguzo na ulimi kwa pamoja, na kama uwanja una mteremko kikombe kinazunguka kwenye bolti kufuata mteremko kabla hujakaza. Hii naipenda kuliko vikombe vya kuchomelea kwa sababu huhitaji kutengeneza kiungio tofauti kwa kila pembe ya mteremko.

Kwenye kona hakuna maajabu. Weka klampu mbili, moja juu ya nyingine, ya pili igeuzwe masikio yaelekee upande wa pili wa fensi. Bomba moja la kulala litakuwa chini kidogo ya lenzake kwa upana wa flatibaa, mm 40, ukisimama hatua chache huoni.

Slivu ya kurefusha nguzo

Wakati mwingine nguzo ni fupi au una vipande vimebaki na unataka kuviunga. Kwanza sehemu ya kuunga: kiungo kisiwe karibu na ardhi. Upepo ukisukuma fensi, nguzo inapinda kwa nguvu kubwa kabisa pale inapotokea kwenye zege, na nguvu inapungua ukipanda juu. Kwa hiyo kipande kirefu kiwe chini, kifupi kiwe juu, kiungo kikae nusu ya juu ya nguzo. Kama fensi ni ya mabati yaliyoziba upepo wote na sio wavu, mimi nashauri usiunge nguzo kabisa, nunua nzima.

Slivu ya ndani, yaani kipande cha bomba kinachoingia ndani ya vipande vyote viwili vya nguzo, ndo nzuri, haionekani na wavu haukwami. Tatizo ni kwamba nguzo ya 48.3 yenye ukuta wa 3.2 ina mm 41.9 ndani, na bomba linalofuata chini ni 42.4, linakataa kwa nusu milimita. Ukuta ukiwa wa mm 2.6 ndani ni 43.1, hapo 42.4 linaingia vizuri, ila chungulia ndani kwanza kuna ule mshono wa kiwandani unaotokeza, unaweza kulizuia.

Njia inayofanya kazi kwa ukuta wowote ni hii: chukua kipande cha bomba lile lile la nguzo, urefu mm 300, likate ukanda kwa urefu wake wote alafu libane liwe dogo liingie ndani. Upana wa ukanda wa kutoa ni 3.14 mara tofauti ya vipenyo. Unataka kutoka 48.3 kufika kama 41.4, tofauti ni 6.9, kwa hiyo toa ukanda wa mm 21 mpaka 22. Na ukanda huo uutoe pale pale kwenye mshono wa hicho kipande, unaondoa mshono kwa wakati mmoja. Ukikata kwa urefu bomba linaweza kujifunga lenyewe na kubana diski, grainda ikaruka, kwa hiyo chomeka kabari za chuma kwenye mkato kadri unavyosonga mbele na usisimame kwenye mstari wa diski.

Kisha bana kwenye jiriwa, sogeza kidogo zungusha kidogo, mpaka pengo lifunge. Ukitoa ukanda mpana zaidi kidogo ili libaki pengo la milimita chache ni afadhali zaidi, unapoingiza slivu lielekeze pengo kwenye mshono wa ndani wa nguzo, mshono unapita hapo bila kugusa. Na maji yanayoingia juu yanapata njia ya kushuka. Nusu ya slivu, mm 150, iingie chini na nusu juu. Shika na bolti mbili ndefu za M10 (zile za mm 40 hazifiki) zinazopita pande zote kila upande wa kiungo, ya pili ikiwa imegeuzwa robo duara kutoka kwa ya kwanza, ukiziweka mwelekeo mmoja nguzo itacheza kwenda upande mwingine.

Nguzo za mraba ni rahisi zaidi, ya 50 kwa 50 yenye ukuta wa 3 ina 44 ndani, ingiza ya 40 kwa 40 iliyochomelewa vipande vya flatibaa ya mm 3 kwenye pande mbili zinazopakana, inabaki nafasi ya milimita moja tu.

Weldingi na moshi wa zinki

Ndimi na vikombe vichomelee kwa ampea 70 mpaka 90 kwa kijiti cha 2.5. Shikiza nukta upande mmoja, kisha upande unaotazamana nao, hakikisha ulimi uko katikati na umenyooka, ndo uchomelee zote. Piga gamba litoke, angalia matundu, rudia palipo na tundu.

Kama vipande vyako ni vya galvanaizi saga zinki yote mpaka chuma cheupe, angalau sentimita 3 kutoka kwenye weldingi ndani na nje, na ufanyie kazi mahali pa wazi penye upepo unaopeleka moshi mbali na uso wako. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 na moto wa weldingi ni mkali kuliko hapo mara nyingi sana, ule moshi mweupe unaouona ndo zinki yenyewe. Ukiuvuta, saa kadhaa baadaye unapata homa, baridi, kichwa na mwili kuuma kama malaria. Mafundi wengi wanaamini ukinywa maziwa unakuwa salama, maziwa hayazuii kitu, moshi umeingia kwenye mapafu sio tumboni. Saga, kaa upande unakotoka upepo, vaa maski ya moshi wa metali, basi.

Kupaka na kufunga

Viringisha kingo zote kwa tupa kwanza, kwenye ncha kali rangi haikai, inakimbia na kuacha utando mwembamba na kutu inaanzia hapo. Safisha mafuta ya drili kwa thina, piga brashi ya waya, paka praima yenye zinki nyingi mikono miwili na rangi juu yake. Ndani ya kikombe pia, na ndani ya nusu duara. Ukipata sehemu wanayochovya galvanaizi ya moto peleka vyote kwa pamoja vikiwa havijapakwa rangi, ni bora kuliko rangi yoyote, ila kusiwe na kitu kilichozibwa pande zote, hewa ikinaswa ndani kinaweza kupasuka kwenye zinki iliyoyeyuka.

Siku ya kufunga weka vichwa vya bolti upande wa nje wa fensi na nati upande wako wa ndani. Kaza kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, nafasi za masikio pande mbili zibaki sawa. Masikio yakianza kupinda kuelekeana simama, klampu imeshabana tayari. Fensi ikishapigwa na upepo wiki chache rudia spana kwenye kila nati, rangi iliyobanwa kati ya klampu na nguzo huwa inajipanga na bolti zinalegea kidogo. Baada ya hapo ndo ugonge ncha ya kila bolti kwa sentapanchi ili nati isifunguliwe kirahisi, na uguse kwa praima pale ulipokwaruza.